Wazazi wa Darini

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu kulikuwa na viumbe wawili ambao hawakutajwa kwa majina jua likishazama: bundi na popo. Bundi hakutusumbua, maana hakuna aliyewahi kumwona Mount Dennis, mtaa wetu wa Toronto. Popo walikuwa juu ya vichwa vyetu.

Hatukulijua hilo mpaka Bibi alipokuja. Alitoka Tanga mwezi Juni, wiki ambayo Mama alijifungua mdogo wangu Sudi, na alikuja kwa kazi moja: kumtunza mzazi mpaka arobaini. Kwa watu wa kwetu, siku hizo arobaini mwanamke aliyejifungua hatoki nje, hapiki, habebi ndoo. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na hakuna mwenye haki ya kumwondoa pale alipolala na mwanawe, awe mume, awe mwenye nyumba. Mama alijaribu kueleza kwamba hospitali imemruhusu kutembea tangu siku ya pili. Bibi alisema hospitali iruhusu inavyotaka, lakini ilete na mtu wa kumkanda.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kiswahili nilikielewa chote, ila nilijibu kwa Kiingereza kama watoto wote niliowafahamu. Bibi, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzake, hakunigombeza. Alimgeukia Mama na kuuliza kama anaongea na mjukuu wake au na taarifa ya habari. Nilipoajiriwa katika chumba cha habari miaka mingi baadaye, alisema yeye ndiye aliyenitabiria.

Tulikuwa tumepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya matofali, mtaa wa pili kutoka reli. Mwenye nyumba, Mzee Pinto, aliishi chini na mkewe. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, Mkatoliki, mstaafu, na watoto wake walikuwa wameshahama. Bibi alisema Kiswahili cha Mzee Pinto ni kizima isipokuwa kimevaa viatu visivyofanana. Hata hivyo waliongea kila asubuhi kwenye ngazi, yeye na chai yake, Bibi na kapu lake la nepi, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekosa mtu wa rika lake wa kuongea naye.

Bibi ndiye aliyesikia kwanza mikwaruzo. Aliuliza nani anaishi darini. Baba akasema hakuna mtu, labda ni kindi, wamejaa mji huu. Bibi akasema kindi wa wapi anayeamka wakati wa magharibi.

Baba alichukua ngazi, akafungua kilango cha dari kilichokuwa juu ya korido, akachungulia, hakuona kitu, akakirudisha. Hakukirudisha vizuri.

Jua la Juni la Toronto huchelewa sana kuzama, na Bibi alilalamika kwamba halina adabu ya mgeni, halijui wakati wa kuaga. Jioni ile lilipoaga, nilikuwa kwenye korido nikifunga kamba za viatu bila sababu maalumu. Kitu kilipita karibu na taa, kikageuka bila kugusa ukuta, kikapita tena. Nilijua ni nini kabla sijajua kwamba ninajua. Nilikaa sakafuni na kufunika nywele kwa mikono, kwa kuwa Bibi alikuwa ameniambia popo akimkojolea mtu kichwani nywele hunyonyoka zote.

Bibi hakupiga kelele. Alikuwa chumbani na Mama na mtoto. Aliufunga mlango, akamfunika Sudi kwa kanga, na kupitia ubao wa mlango nilimsikia akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya mtu anayezungumza na askari. Baba alizima taa ya korido, akashuka na kufungua mlango wa nje, na baada ya mizunguko michache popo akatoka kwenda zake. Hakuna aliyemgusa, na hilo lilikuwa sawa. Leo ningeongeza kwamba popo hashikwi kwa mkono mtupu, kwani anaweza kubeba ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Kesho yake Mama alimpigia muuguzi simu, naye aliridhika kwamba popo hakuingia chumbani kwa mtoto.

Bibi hakuridhika. Kwake, ugonjwa haukuwa jambo lenyewe. Usiku uleule wa popo alitoka chumbani, akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Kitovu cha mtoto hakijadondoka," alimwambia Baba, "na mgeni wa usiku ameshaingia."

Kisha akasema kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Mama alikuwa na kaka mkubwa. Alizaliwa Tanga na hakufika siku ya arobaini. Wiki aliyofariki, popo walikuwa wameingia jikoni kwa Bibi jioni mbili mfululizo, na wazee wakasema popo ni ndugu yake babewatoto, jina wanalomwita bundi kule, na kwamba wote wawili hunusa maziwa. Bibi alisimulia hayo kwa sentensi chache, bila kulia. Alisema safari hii hatasubiri jioni ya pili.

Nimeliandika hili kwa uangalifu kwa sababu ni rahisi kumcheka. Mtoto wake alikufa kwa homa, na huenda popo hawakuhusika kwa lolote. Lakini hofu ile haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Ilikuwa na kaburi.

Asubuhi Mzee Pinto aliitwa. Alipanda, akasikiliza darini, akazunguka nyumba, akarudi na jibu: kulikuwa na pengo chini ya ukingo wa paa, upande wa uani, upana wa vidole viwili, na ukutani chini yake palikuwa na alama za kinyesi. Alisema wako popo wengi huko. Alisema pia kwamba kazi ni nyepesi.

"Jioni wao wote wanaenda kula, Mama," alimwambia Bibi. "Wakitoka, mimi naziba hiyo shimo. Wakirudi, mlango imefungwa. Hakuna damu, hakuna sumu."

Bibi alimshukuru. Baba alimshukuru. Mama, kutoka kitandani, aliuliza kama inaweza kufanyika siku hiyohiyo. Ulikuwa mpango wa watu waungwana, na kila mtu aliukubali, na mimi niliukubali kuliko wote.

Bibi alikuwa na sharti moja. Kwao, hata jini hatolewi nyumbani bila kuambiwa. Lazima chumba kifukizwe, anayekaa humo aagizwe kwa maneno kwamba aondoke kwa amani, na aliyefukiza aingie mwenyewe kuhakikisha pamebaki patupu, ndipo mlango ufungwe. Baba alisema dari ni ya mbao kavu. Bibi alisema chetezo chake kina kifuniko, na kwamba alikuwa anafukiza nyumba kabla Baba hajazaliwa. Basi saa ya magharibi ilipokaribia, Bibi alipuliza kipande cha mkaa juu ya jiko la umeme, akakiweka kwenye chetezo, akatupia ubani na udi. Kabla hata hajafika kwenye korido, king'ora cha moshi kililia. Baba alikitoa betri. Bibi akasema sasa hata waliokuwa hawajasikia wameambiwa.

Walijipanga hivi: Mzee Pinto juu ya ngazi ya nje, akiwa na wavu wake wa waya, misumari mdomoni, Baba ndani, akishika ngazi ya korido, Bibi juu ya ngazi hiyo, kichwa na mkono wake vimeingia kwenye kilango cha dari. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni, kazi yangu ikiwa kumwambia Baba popo wameanza kutoka.

Walitoka. Kwanza mmoja, kama jani lililoamua jambo, kisha wengine, moja kwa moja kuelekea mtoni, chini ya mtaa wetu. Niliwatangaza. Mzee Pinto alisubiri mpaka pengo likatulia, akaupandisha wavu. Alipiga msumari wa kwanza.

Bibi alikuwa na tochi. Alitaka kuhakikisha. Alipanda kidato kimoja zaidi, na Baba akasema baadaye kwamba alihisi ngazi ikitulia ghafla, kama mtu aliyekuwa juu yake ameacha kupumua.

Pale kwenye boriti, karibu na bomba la moshi la matofali, wadogo wao walikuwa wameshikana kama zabibu. Wengine hawakuwa na manyoya. Walikuwa wakilia kwa sauti ambayo Bibi alisema ilimkwaruza meno zaidi ya masikio. Na alipokuwa anawaangalia, popo mmoja mkubwa alirudi. Aliingia kwa sehemu ya pengo ambayo bado haijazibwa, akapita katikati ya moshi wa ubani, akatua juu ya wale wadogo, akatembea kwa vidole vya mabawa yake akiwanusa mmoja baada ya mwingine, mpaka akampata aliyemtaka. Akamfunika. Mtoto akaanza kunyonya.

Bibi alishuka. Majivu yalikuwa yamemwagika kwenye kanga yake naye hakuyapangusa.

"Wamezaa," alisema.

Baba hakuelewa. Bibi alimpita, akaenda dirishani nilipokuwa, akatoa kichwa nje.

"Mzee Pinto, acha hiyo nyundo."

Mzee Pinto alitema misumari kiganjani, akauliza kuna nini. Bibi alimwambia kuna wazazi darini. Watoto hawajaota hata manyoya, na mama zao wameenda kutafuta chakula. Akifunga sasa, watoto watakufa ndani na mama zao watajigonga nje. Mzee Pinto alijibu kwamba anasikitika, lakini ngazi ameshaipanda, giza linakuja, na ni mama wa Sudi mwenyewe aliyeomba. Halafu akaongeza, kwa mzaha wa mtu aliyechoka, kwamba yeye hajawahi kusikia popo wana arobaini.

"Wananyonyesha," Bibi alisema. "Anayenyonyesha ana arobaini."

Hapo ndipo mlango wa chumba ulipofunguka na Mama akatoka, jambo ambalo hakuruhusiwa kulifanya, akiwa na Sudi kifuani. Alikuwa amesikia yote. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye haki angeuliza.

"Na mwanangu je, Mama?"

Nilikuwa kati yao, mgongo kwenye sinki. Bibi alimtazama mtoto kwa muda. Alikuwa na sababu zote za kufumba macho. Kila mtu mtaani kwao Tanga angemwelewa, na baada ya wiki moja pasingekuwa na sauti yoyote darini.

"Mwanao ana mlango," alisema. "Tufunge hiki kilango cha ndani, tukikaze kisipitishe hata sindano. Huko nje tuwaachie njia yao mpaka watoto waruke. Mimi najua kutoka kwenye arobaini bila mtoto. Siwezi kumfanyia mwingine, hata akiwa na mabawa."

Mama alimweka Sudi begani. Alirudi chumbani, nasi tulichukulia kwamba amekubali, kwa kuwa hakufunga mlango kwa kishindo. Nje, Mzee Pinto alikuwa bado juu ya ngazi, nyundo ikining'inia. Hakuwa mtu wa kukubali haraka. Alitazama pengo, akatazama anga. Popo wa pili alipita karibu na sikio lake akaingia.

"Hata Bikira Maria alikaa siku arobaini kabla ya kwenda hekaluni," alisema hatimaye, kana kwamba ni yeye aliyelileta hilo jambo.

"Basi shuka," Bibi akamwambia.

Aling'oa msumari wake, akashuka na wavu. Baba alikaza kilango cha ndani kwa skrubu na utepe usiku huohuo. Hatukuona tena popo ndani ya nyumba.

Kazi yangu imenipeleka kwenye mikutano kadhaa ya wakazi kuhusu popo. Mmoja ulikuwa Thorncliffe Park, mtaa mwingine wa Toronto, katika ukumbi uliojaa familia za maghorofani. Mtaalamu alieleza vizuri wadudu wanaoliwa na popo, na ugonjwa wa kuvu ambao tangu utoto wangu umewaua wengi katika mapango wanamolala majira ya baridi. Watu walisikiliza kwa adabu, kisha wakauliza wataondolewa lini. Niliandika swali hilo, sikushangaa. Mtu anayesikia kinyaa hashawishiwi na faida ya kitu kinachomtia kinyaa. Ndipo mwanamke mmoja mwenye mtoto mapajani akauliza kama popo wana maziwa. Mtaalamu akasema ndiyo, jike huzaa mmoja, mara nyingine wawili, kwa mwaka, na huwanyonyesha. Swali lililofuata lilikuwa watoto huruka lini. Sikuwa na haja ya kuangalia nilichoandika ili kujua kwamba mambo yamegeuka.

Nyumbani kwetu yaligeuka polepole. Bibi hakuwapenda popo. Kila magharibi alisoma dua mlangoni kwa Sudi, na hakumwita popo kwa jina. Alisema "wazazi wa juu". Lakini alimkataza Baba kufungulia redio kwa sauti alfajiri, kwa kuwa wazazi wa juu wametoka kazini. Alipomkanda Mama, alimpa habari zao kama mtu anayetoa habari za jirani: leo wamechelewa kutoka, leo upepo mkali, sijui watakula nini. Mama, ambaye siku za kwanza alinuna, alianza kuuliza mwenyewe.

Wageni waliokuja kumwona mtoto walipewa uji, wakapewa hadithi, na wengi wakaomba kubaki mpaka jua lizame. Mzee Pinto alianza kutoa viti uani. Mkewe alileta mablanketi. Wanawake waliokuwa wamekulia Tanga, Mombasa na Kampala walikaa bega kwa bega, kanga zimefunika vichwa kwa hofu ya mkojo, macho yameelekezwa kwenye pengo la vidole viwili. Waliogopa na hawakuondoka. Mmoja alisema kwao wangewafukuza kwa mawe, kisha akauliza kama yule mkubwa wa juzi amerudi.

Siku Mama alipotimiza arobaini, nyumba ilijaa. Sudi alinyolewa, ikasomwa dua, pilau ikapikwa na watu wasiokuwa na haraka. Mama alivaa gauni jipya na kushuka ngazi kwa mara ya kwanza akiwa amembeba mwanawe mzima, mnene, mwenye hasira ya njaa. Bibi alimfuata nyuma.

Jua lilipozama tulikuwa uani, wote. Wakubwa walitoka kwanza, kama kawaida, wakaelekea mtoni. Pengo likabaki tupu, na mtu akaanza kukusanya sahani. Kisha kikatokea kichwa kidogo. Kilirudi ndani. Kikatoka tena. Yule mdogo alijiachia kutoka ukingoni, akaanguka kama kitambaa, karibu afike kwenye miche ya nyanya ya Mzee Pinto, na hapo mabawa yake yakashika hewa. Alipanda. Alipita juu ya viti vyetu kwa njia ya mlevi, akafika kwenye uzio, akauvuka. Mwingine akamfuata, na mwingine, na mwingine.

Bibi alipiga kigelegele. Wanawake wengine wakamjibu, waliokuwa wanaogopa na waliokuwa hawaogopi tena, mpaka majirani wa ng'ambo wakatoka barazani kuuliza nani ameolewa. Mzee Pinto aliwapungia mkono na kusema kwa Kiingereza kwamba ni watoto wetu wamehitimu. Bibi alimchukua Sudi kutoka kwa Mama, akamwinua juu kuelekea lile pengo, na akalia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia, huku kigelegele kikiendelea kumtoka.

Majira ya kupukutika majani yalipofika popo waliondoka wenyewe. Mzee Pinto aliliziba pengo, kisha akatengeneza sanduku la mbao jembamba, la kulala popo, akalipigilia ukutani upande wa jua. Bibi alimwelekeza kutoka chini, siku chache kabla ya kurudi Tanga. Kiangazi kilichofuata sanduku lilikaa tupu, na Mzee Pinto alikwenda kulitazama kila jioni kama mtu aliyemwalika mgeni. Kiangazi cha pili alitugongea mlango kwa ngumi asubuhi, na karatasi mkononi. Juu yake palikuwa na punje chache za kinyesi cha popo. Alizibeba kama mtu aliyebeba keki. Mama alipiga simu Tanga palepale, na kabla ya salamu kumalizika Bibi alikuwa ameshauliza kama wamezaa.

Mwaka jana nilimuuliza Bibi kama bado anawaogopa. Nilimuuliza kwa Kiswahili. Alisema anawaogopa mpaka leo, na usiku akisikia bawa dirishani bado husoma dua.

"Lakini kumwogopa mtu, mke mwenzangu, si ruhusa ya kumtenga na mwanawe."

Nimeandika habari nyingi ambazo ndani yake watu wanaombwa wakipende kitu wasichokipenda, kwa manufaa ya wote. Siamini tena kwamba upendo lazima utangulie. Mtu niliyemwona akiwaokoa popo alikuwa ndiye mwenye hofu kubwa kuliko sisi sote, na hofu yake ilikuwa na haki zote za kushinda. Alipanda ngazi kuwafukuza, akaona kitu alichokijua, akashuka kuwatetea. Wengine tulimfuata, na hofu zetu mikononi.

Sudi sasa ni mtu mzima na hupanda yeye kulikaza sanduku la Mzee Pinto kila majira ya kuchipua majani. Jioni za Juni nikipata nafasi nakwenda kukaa uani pale na Mzee Pinto na mkewe. Popo hutoka ukutani, mmoja mmoja, na kuelekea mtoni. Siwezi kuthibitisha kwamba ni uzao wa wale wa darini. Naweza kuthibitisha kwamba wapo.